Kaa Mmoja

Je, umewahi kuibiwa kitu ambacho bado unacho mkononi?

Mwizi akikuchukulia redio, mezani hubaki mraba usio na vumbi, na jirani akichungulia anakupa pole. Chonga Karisa hakupewa pole na mtu. Chombo chake kilikuwa palepale, katika kibanda chake cha ufundi huko Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, kimefunikwa kwa leso kuukuu ya mamake. Kilichoibwa ni jina. Nairobi kulikuwa na karatasi yenye muhuri, hati ya uvumbuzi ambayo wengi huiita patenti, iliyosema kwamba chombo kile kilibuniwa na mtu mwingine, na kwamba Chonga akithubutu kukitengeneza na kukiuza, yeye ndiye mwizi.

Chonga alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mtu wa miaka arubaini na ushei, mwembamba, vidole vimejaa alama za kuungua kwa lehemu. Alikuja kisiwani akiwa kijana, akajifunza redio kwa kufungua zilizokufa, na baadaye hospitali moja ikaanza kumletea mashine zake za kupima shinikizo la damu. Hapo ndipo alipozoeana na Eddah, muuguzi kutoka Embu, mwenye sauti kubwa na viatu vilivyolalia upande mmoja kwa kusimama mno.

Mwaka wa 1993 Bi Sidi, mamake Chonga, alilazwa katika hospitali ileile. Wodi ilikuwa na wagonjwa arubaini na wauguzi wawili. Siku moja adhuhuri Chonga alimpelekea uji, akamkuta amelala, chupa ya dripu imekauka, na damu yake inapanda ndani ya mrija, polepole, kama inayomhama. Alipiga ukelele. Eddah alikuja mbio, akafunga mrija, kisha akaegemea ukuta akihema.

"Nina mikono miwili, Fundi," alisema. "Na chupa ikiisha haiiti mtu."

"Itaita," Chonga alijibu.

Bi Sidi alipona, akaenda zake Kaloleni. Chonga akabaki na lile neno lake mdomoni, na ilimchukua miaka miwili kulitimiza. Alitoa kitaa kidogo na jicho la umeme katika mashine mbovu ya video, akaviweka pande mbili za kile kikombe cha plastiki ambamo matone ya dripu hudondokea. Kila tone likipita, lilikata mwanga. Matone yakikoma, king'ora cha saa ya mezani kililia. Kazi ya mwezi mmoja. Miezi ishirini na mitatu iliyobaki ilikwenda kupigana na feni.

Ndiyo, feni ya darini. Mapanga yake yalipopita chini ya taa ya wodi, kivuli kilikatakata mwanga, na jicho likahesabu vivuli kama matone. Chupa ilikauka na chombo kikanyamaza, kimeridhika. Na wodi gani ya Mombasa haina feni? Chonga alijaribu karatasi, bati, hata soksi. Kisha siku moja kule ufukweni Liwatoni aliona kaa aliyefungwa kamba. Badala ya kukimbia, ameikumbatia ile kamba kwa magando yote mawili, haachii. Chonga alirudi nyumbani akakata bati na springi, akaunda kishikio chenye magando mawili mapana. Kilikibana kikombe kisisogee, na magando yakaliziba jicho lisione kitu ila tone. Akakiita kaa. Chombo hakikukosea tena.

Aliyemharibia maisha alikuja akiwa amevaa tai, katikati ya joto la Februari. Barnabas alikuwa meneja wa kampuni iliyoagiza vifaa vya hospitali kutoka ng'ambo, yenye ghala na ofisi Shimanzi. Alikuwa amesikia habari kwa madaktari.

"Fundi, wewe una kichwa," alisema, "sisi tuna gari la kwenda Nairobi. Nipe maandishi yako niyapeleke ofisi ya hati. Jina litakuwa lako. Kampuni itatengeneza tu."

Chonga alimpa daftari. Chombo chenyewe hakukitoa, na ukurasa wenye mchoro wa kaa ulikuwa umechomolewa, uko kibandani, kwa kuwa alikuwa bado anarekebisha magando. Katika daftari palibaki mshale na maneno haya: *Hapa kaa mmoja. Bila kaa chombo ni bure.*

Baada ya miezi mitano Barnabas alilirudisha daftari kwa uso wa msiba. Nairobi wamekataa, alisema. Chonga aliamini, kwa sababu mtu mwaminifu ndivyo alivyo, na nchi yetu inamla kwa hilo hilo. Aliona tu kwamba mtu fulani amepita juu ya maandishi yake kwa kalamu nyekundu, hapa amepiga mstari, pale amefuta herufi. Hakulitilia maanani.

Mwishoni mwa 1996 Eddah aliingia kibandani na karatasi kifuani. Kampuni ya Shimanzi ilikuwa imeisambaza hospitalini ili kutangaza mashine mpya, na nyuma yake kulikuwa na nakala ya hati. Mbunifu: Barnabas. Eddah alisoma Kiingereza kile na kukigeuza kwa Kiswahili, naye Chonga alisikiliza bila kupepesa macho. Kitaa chake. Jicho lake. King'ora chake.

"Sehemu ya nne," alisoma Eddah. "Kipande kimoja cha makaa, kilichowekwa kando ya..."

"Kipande cha nini?"

"Makaa. Yale ya jikoni. Wanasema yananyonya unyevunyevu wa chupa."

Chonga akavuta saraka ya meza, akatoa daftari, akatafuta ukurasa wenye mshale, na hapo akaanza kucheka kicheko kibaya, cha mtu aliyeokota kisu.

"Sista, wewe kaa wa pwani na kaa la jikoni wayaita sawa. Sisi yule wa pwani twampa pumzi kwenye k: k'aa. Haya, karatasi haina pumzi. Lakini tazama nilivyoandika. *Kaa mmoja.* Lingekuwa la jikoni ningeandika *kaa moja*. Ile m ndiyo iliyomtia uhai." Aliweka kidole juu ya wino mwekundu. "Na tazama alichofanya."

M ya mbele ilikuwa imefutwa kwa mstari mmoja safi, kama mwalimu anavyomsahihishia mtoto.

"Alidhani sijui kuandika," Chonga alisema. "Ameniibia, na bado amenisahihisha."

Eddah alitaka waandike barua Nairobi siku ileile. Chonga alikataa.

"Barua ikifika atairekebisha mashine kimyakimya. Sitaki arekebishe. Nataka aitengeneze hivyohivyo, aijaze ghala, asimame nayo mbele za watu."

"Na wagonjwa je?"

"Hataiweka kwa mgonjwa kabla ya kuionyesha. Nami siku hiyo nitakuwepo."

"Fundi, hiyo si haki unayotafuta. Ni nyama."

"Basi nina njaa," alisema Chonga.

Kuanzia siku hiyo alikwenda Shimanzi kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Mbele ya lango la kampuni, ng'ambo ya barabara yenye malori, mama mmoja aitwaye Auma aliuza chai na mahamri. Chonga alikaa kwenye benchi, uso kwa lango, akanywa kikombe kimoja. Gari la Barnabas lilipoingia, alisimama na kumwamkia kwa adabu zote.

"Sabalkheri, Bwana Meneja! Watoto hawajambo?"

Mwanzoni Barnabas alipunga mkono. Baadaye alipandisha kioo. Miezi kumi na moja Chonga alimwamkia, mvua na jua, bila kukosa ila Jumapili.

"Huyu mtu utamwoa?" Auma alimuuliza siku moja, akimmiminia. "Maana posa yenyewe imekuwa ndefu."

"Mahari bado inakusanywa, Mama. Iko ndani ya ghala lile."

"Wewe Fundi, hata chai yangu inaogopa ukiitazama hivyo."

Ilikuwa kweli kwamba alikuwa anaharibika. Redio za watu zilikaa wiki tatu bila kuguswa. Kaloleni hakwenda. Usingizini alitunga hotuba, na asubuhi alizisahihisha njiani, na kila hotuba ilimalizika kwa Barnabas kupiga magoti.

Siku ikafika, Novemba 1997. Wakubwa wa hospitali, waandishi wawili wa magazeti na wauguzi wasiopungua thelathini walisongamana katika wodi ya wanawake, feni zikizunguka darini. Eddah alimpitisha Chonga mlango wa nyuma kama fundi wa taa. Barnabas alisimama kwa tai ya buluu, akaeleza jinsi alivyoumia moyoni kuona wagonjwa wakiteseka, na jinsi wazo lilivyomjia usiku. Kando yake ilikuwa mashine, imepakwa rangi nyeupe, nzuri kuliko ya Chonga mara kumi. Kitaa na jicho vilibandikwa kwa plasta. Chini yake, ndani ya kimfuko cha wavu, kipande cha makaa. Mashine mia mbili za namna hiyo zilikuwa tayari ghalani. Huko ofisini kwake Shimanzi, penye mashine ya ubaridi badala ya feni na madirisha yaliyofungwa, zilifanya kazi bila kosa.

"Sitaki kuionyesha kwa chupa tupu," alisema Barnabas. "Tuione ikimlinda mtu." Akaelekea kitanda cha kwanza, alipolala mwanamke mzee, chupa yake ya dripu ikiwa imebaki robo.

Chonga alikuwa amejiandaa kwa kila jambo isipokuwa hilo. Akinyamaza, chupa ingekauka, mashine ingehesabu vivuli vya feni, damu ingepanda katika mrija mbele ya waandishi wa magazeti, na Barnabas asingeinuka tena maisha yake yote. Ndiyo nyama yenyewe, mbele yake, imeiva. Alinyamaza. Alinyamaza kiasi cha mapigo mawili au matatu ya moyo, na hayo hakuwahi kumficha mtu baadaye. Kisha yule mzee akageuza kichwa juu ya mto, na leso yake ikateleza begani, leso kuukuu kama ya mamake.

"Si kwake!" Chonga alipaza sauti. "Itundike chupa peke yake. Idondoke kwenye ndoo."

Watu waligeuka. Barnabas alimjua papo hapo.

"Nani amemruhusu mtu huyu?"

"Bwana Meneja, tumeamkiana mwaka mzima, leo hunijui? Chupa na ndoo tu. Kama chombo ni chako, unaogopa nini?"

Daktari mkuu, mama wa makamo asiyependa kupotezewa wakati, aliagiza ndoo iletwe. Chupa ilitundikwa, maji yakadondoka, yakapungua, yakaisha. Wodi nzima ilisubiri. Mashine haikusema neno. Ilikaa pale na kitaa chake cha kijani kikikonyeza, ikihesabu matone yasiyokuwepo.

"Zimeni feni," alisema Chonga.

Mapanga yalipopunguza mwendo na kusimama, king'ora kikaanza kulia, kikali, kimechelewa. Muuguzi mmoja akajishika mdomo.

"Washeni." Mapanga yakashika kasi, king'ora kikanyamaza.

"Sasa tuambie, Bwana Meneja, hilo kaa linafanya kazi gani?"

"Lina... linanyonya unyevu. Ni mambo ya kisayansi."

"Ni kaa moja au kaa mmoja?"

Barnabas hakuelewa swali. Hapo ndipo alipokwisha, kwa sababu wauguzi wa pwani waliokuwa mle walilielewa. Chonga alitoa mfukoni kishikio chake cha bati, magando yamefunguka, akakibana kwenye kikombe cha mashine ile nyeupe. King'ora kikalia palepale, feni zikizunguka. Kisha akafungua daftari, akampa daktari mkuu, ukurasa wa mshale, wino mwekundu.

"Mungu wangu," alisema muuguzi mzee wa Mji wa Kale, akichungulia begani kwa daktari. "K'aa! Mwenzetu amemtia jikoni!"

Kicheko kilianzia kwake kikapita kitanda kwa kitanda. Hata wagonjwa waliokuwa hawajui kinachochekwa walicheka. Daktari mkuu hakucheka. Alimuuliza swali moja tu, "Mwandiko huu mwekundu ni wako?" na Barnabas alipoanza kukusanya karatasi zake, daktari akaliweka daftari chini ya kwapa lake na kusema barua itakwenda Nairobi kesho yake, na yeye ndiye atakayeitia saini.

Hakuna aliyepiga magoti. Hotuba zote za miezi kumi na moja zilibaki kooni. Eddah alipomsindikiza hadi langoni alimuuliza, "Umeshiba?" Chonga alisema hajui.

Asubuhi iliyofuata miguu yake yenyewe ilimpeleka Shimanzi. Gari la Barnabas halikuwepo. Lango lilikuwa wazi, na wapagazi wawili walikuwa wakipasua maboksi, wakichomoa vimfuko vya wavu na kukung'uta makaa kando ya barabara, vipande mia mbili, vyote vimekatwa sawasawa kwa msumeno. Auma alivuka na karai lake kati ya malori, akainama, akayazoa yote. Akarudi, akayatia jikoni, akapepea mpaka yakawa mekundu, akateleka sufuria.

"Makaa mazuri haya," alisema. "Makavu, hayana moshi. Sijui mtu gani mwenye akili anayatupa."

Chonga alikaa kwenye benchi, mgongo kwa lango, akasubiri chai ichemke.