Aling'oa Asumini ya Mamangu Akapanda Nyasi, Kisha Akanisingizia Mimi

Wasomaji wenzangu, assalamu aleikum. Nimemsihi mhariri wa ukurasa huu anifichie jina, kwani Msambweni ni mji wa kujuana na sitaki wanangu wanyooshewe vidole. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nina mume na watoto watatu.

Nyumba tunayokaa ni yangu, niliachiwa na marehemu mamangu. Nyuma yake pana uwanja mdogo uliozungushiwa makuti, hatua kumi na tano kwa kumi, basi. Mamangu alipanda asumini upande mmoja, waridi na mrehani upande wa pili. Mabibi harusi wa huku, hata wa Bodo na Funzi, makoja yao ya shingoni na vikuba vyao vya kifuani hutunga mimi. Ndiyo kazi aliyonifundisha mama nikiwa bado sijajua hata kusuka nywele.

Mume wangu ni mtunza bustani kwa memsabu mmoja, bibi wa Kizungu, huko Diani. Huenda Jumamosi, hurudi Alhamisi. Mwaka jana akaanza maneno. "Mama watoto, sisi tunaishi kichakani. Kwa memsabu nyasi zimekatwa zikalala kama zulia. Mtu akiingia anaona nafasi."

Nikamwambia, "Memsabu ana shamba zima. Sisi tukitia nyasi kwenye kijiuwanja hiki, maua tuyapeleke wapi? Na hizo nyasi utamvika bibi harusi gani?"

Akavaa viatu akatoka. Nami nikadhani yamekwisha.

Baadaye ndugu yangu akajifungua kule Vanga, nikaenda kumwangalia mpaka arubaini yake. Kabla sijaondoka nilikuwa nimemwahidi binti wa jirani, yatima asiye na mama, kwamba maua ya harusi yake yatatoka kwangu. Siku niliporudi, hata buibui sijavua, nilikwenda moja kwa moja uwanjani. Nilisimama mlangoni nikadhani nimekosea nyumba. Hapakuwa na mti hata mmoja. Palikuwa na vishungi vya nyasi vimepandikizwa kwa mistari, vimemwagiwa maji, ardhi bado imelowa. Mashina ya asumini alikuwa ameyarundika nje ya makuti, yamekauka, ya kuwashia moto.

"Memsabu anakuja kututembelea," akaniambia. "Nilitaka aone kwamba hata sisi ni watu."

"Kwani mamangu alikuwa nini?" nikamuuliza.

Yule yatima aliolewa bila asumini. Nilipita nyumba kwa nyumba, mimi ambaye watu huja kuomba kwangu, nikaomba mrehani. Nilipomvika kikuba kile kikavu kikavu akanishika mkono, akasema, "Hapana neno, shangazi." Laiti angenitukana.

Basi memsabu akaja. Tulimwekea kiti juu ya nyasi, mahamri yakaletwa, nami nikashika birika. Yeye akawa anageuza shingo huku na huku. Mwisho akauliza kwa Kiswahili chake, "Lakini maua iko wapi? Kila siku wewe nasema, bibi yangu ana asumini. Mimi nakuja ona asumini." Alikuwa amekuja na kikapu, kumbe alitaka kuomba kipandikizi.

Mume wangu, macho makavu, akamjibu: "Mke wangu ameing'oa, memsabu. Hapendi maua. Anasema yanaleta nyoka."

Nikaweka birika chini. "Muongo!" nikasema. "Mimi nilikuwa Vanga. Aliyeing'oa ni yeye, na mashina yale pale nje, memsabu akayatazame." Mzungu wa watu akawa mwekundu, akainuka, akaaga. Chai haikunyweka.

Leo wiki ya tatu hatusemezani ila kupitia kwa watoto. Kazini hakufukuzwa, lakini anadai nimemvunjia heshima, na anataka nimwombe radhi mbele ya wazee. Kakangu amekuja kusuluhisha. Rai yake ni hii: "Nyasi zibaki katikati, maua yazunguke pembezoni, kila mtu apate lake. Na wewe mwombe radhi. Mke hamkanushi mumewe mbele ya mgeni." Nikamuuliza, "Na aliyesema uongo ataomba radhi kwa nani?" Kakangu akaomba maji ya kunywa.

Mume wangu amekubali upesi. Jana amerudi na vipandikizi vya asumini vimefungwa kwa gunia bichi, akaviweka mlangoni, akapita zake. Neno la "nimekosa" halijamtoka.

Wanawake wenzangu wanasema niwe na subira, miaka kumi na saba ya ndoa si michache. Lakini nikikubali pembezoni, nitakuwa nimepewa kona katika uwanja wa mamangu mwenyewe, tena nimeomba radhi kwa kusema kweli. Nikikataa, jembe ninalo, nyasi zile ni kazi ya asubuhi moja, ila najua hatakaa tena chini ya dari hii.

Vipandikizi nimevitia majini, navyo havitangoja. Enyi mnaonisoma, mlio wake na mlio waume, niambieni kweli bila kunionea haya: nivipande wapi?