Picha Isibadilishwe Jina

Mwanamke wa saiba ya Kondele, duka la kompyuta na intaneti, hutengeneza kurasa za mazishi za kufunguliwa kwenye kompyuta, zenye wasifu na picha za marehemu, lakini hamwachi mteja aondoke nao ukurasa hivi hivi. Huuweka kwanza pamoja na picha zake zote katika folda moja, kisha humgonga mteja begani kwa kidole chenye wino. "Usihamishe picha, usibadilishe jina. Ukurasa utaitafuta kwa jina ile ulikuta nayo." Hata askofu aliambiwa hivyo, kwa sauti ya muuza samaki. Mimi ningempa mwanamke huyu wizara.

Jana mzee mmoja wa Nyamasaria aliingia akihema. Kaka yake, alisema, anazikwa kesho, ukurasa utaonyeshwa mbele ya waombolezaji wote, na mahali pa uso wa marehemu pana kisanduku kitupu.

"Baba, umebadilisha jina ya picha?"

"Mliandika Oyugi. Oyugi tu, kama mtoto wa shule. Nimeandika Marehemu Mzee Oyugi, Mwenyekiti wa Kanisa."

Sisi wa kwenye foleni tulicheka. Mwanamke hakucheka. Angeweza kurudisha jina fupi mara moja, lakini aliufungua ukurasa na kuchapa humo, mahali pa jina la picha, vyeo vyote, taratibu, midomo ikitamka kila neno, mpaka uso wa marehemu ukatokea. Mzee akavua kofia, akautazama kwa muda mrefu.

"Na hii picha ya mjane," akasema, mkono ukienda kwenye kipanya, "mmemwita Ajwang tu?"

Mwanamke alikinyakua kipanya, akakikalia.