Barua Tisa za Afande

Shughuli nzima ilinigharimu bando mbili za wiki, nauli ya Jinja kwenda Mbale na kurudi, na mteja mmoja aliyekuwa ameshazikwa. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili. Huyo mteja ndiye anayenisumbua; kila nikimtoa anarudi.

Nina kiofisi Jinja, kwenye mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi: meza, printa, skana, laptopu, na modemu inayoning'inia dirishani kwa uzi kwa sababu ndani haishiki kitu. Natuma barua pepe za watu wasio na barua pepe. Mtandao ukija tunatuma, ukienda tunaongea siasa.

Afande alikuwa askari magereza mstaafu, mtu wa kaskazini aliyezeekea Jinja. Kila Ijumaa nikitoka msikitini namkuta mlangoni kwangu, amekuja kumwandikia binti yake aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Yeye mwenyewe alikuwa na simu ya tochi, na hata hiyo hakuiamini.

"Simu haina kopi," alisema. "Gerezani, barua bila kopi ni uongo. Mtu anaweza kulala ndani miaka mbili juu ya kopi imepotea."

"Sawa, Afande. Kopi ni mia tano."

"Kopi iko ndani ya bei."

"Basi mhuri utalipia."

"Karani, mhuri ni mdomo wako. Sasa unalipisha mpaka mdomo?"

Alinishinda. Si wengi walionishinda kwa bei mtaani kwetu.

Aliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, akatia saini. Alitaka mtoto aone mkono wake, si maandishi ya mashine. Mimi nikaskani, nikabonyeza kutuma, nikamtolea karatasi yake na kuipiga mhuri wa IMETUMWA wenye namba yangu ya simu. Tarehe nilimwambia aiache: mashine hujiwekea siku ileile barua inapotoka. Hilo lilimpendeza sana. Alisema hata gerezani hawakuwa na utaratibu mzuri namna hiyo.

Kasoro ni kwamba karatasi iliyoskaniwa ni nzito, na modemu yangu ni nyonge. Barua nyepesi za wateja wengine zilipenya. Za Afande nyingi zilibaki kwenye kisanduku cha zinazosubiri. Kwa haki, kopi hutolewa barua ikishaondoka, pale inapoonekana yenyewe kwenye zilizotumwa. Lakini bodaboda wa Afande alikuwa nje anapiga honi, kwa hiyo nikawa napiga mhuri kwanza na kuiachia mashine imalizie. Barua tatu za mwanzo zilitoka hivyo, nikaona mambo yanakwenda. Mimi huhesabu chenji mara mbili, hata ya sadaka. Kisanduku kile sikukihesabu hata mara moja.

"Amejibu?" aliniuliza kila Ijumaa.

"Bado, Afande."

"Ile tatu ya kwanza alijibu."

"Pengine kazi zimemzidi."

Baadaye akaacha kuuliza. Alikuwa anaitazama tu laptopu, namna askari anavyomtazama mfungwa aliyekataa kusema. Kisha Ijumaa moja mlangoni hapakuwa na mtu. Alianguka ghafla nyumbani, ndugu zake wakamchukua kwenda kumzika kwao.

Miezi miwili ikapita. Nikapata kazi ya kuchapa mitihani ya shule moja Nabuyonga, kule Mbale, nikaenda na laptopu yangu. Mwenye nyumba niliyofikia alikuwa na mtandao wa bure. Nikauunganisha kabla sijavua viatu, maana cha bure hakisubiriwi. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua kali, mlima wa pale Mbale unaonekana wote.

Nilikwenda kunawa uso. Niliporudi, laptopu ilikuwa inafanya kazi peke yake. Kwenye kioo chake paliandikwa: inatuma, sita kati ya tisa.

Tisa za nani? Nikafungua zilizotumwa. Zilikuwa zimepangana vizuri, kila moja na tarehe ya leo na dakika yake. Saa tano na dakika mbili, Afande anauliza kama mtoto amekula. Saa tano na dakika nne, anasema mguu unauma kidogo lakini anatembea. Na dakika ya saba anamwambia mvua imeanza Jinja.

Nikiwa bado nimesimama, jibu likaingia kutoka Uarabuni. "Baba? Wameniambia umekufa. Uko wapi?"

Kabla sijagusa kitu, laptopu ikalia kwa upole, ting, barua nyingine imeondoka. Nikafungua nakala yake. MIMI NIKO. SIJAENDA POPOTE. NDUGU ZANGU WAKIKUAMBIA HABARI YANGU USIKUBALI MPAKA UONE SAINI. Chini yake, saini.

Nilikumbuka siku aliyoiandika. Alikuwa amegombana na wadogo zake juu ya kiwanja. Nilikuwepo, niliiskani mimi kwa mkono huu. Hata hivyo niligeuka kutazama mlangoni.

Nikazima laptopu. Saba zimetoka, mbili zimebaki. Nikahesabu tena, nikapata vilevile.

Jioni mdogo wake Afande akanipigia. Namba aliitoa kwenye mhuri, kwenye zile kopi zilizokuwa ndani ya sanduku la marehemu.

"Karani, huyu msichana anatutukana. Anasema baba anamwandikia leo. Anatuuliza, tulizika nani?"

"Nitamweleza, bwana."

"Eleza upesi. Hapa mke wangu anaogopa kupita karibu na kaburi."

Nilirudi Jinja. Modemu nimeiondoa dirishani, na laptopu haijaona mtandao tangu siku ile. Wateja nawaambia mashine inaumwa. Jana nikafungua barua pepe kwa simu. Kulikuwa na moja mpya: "Baba, nimekubali. Nimeona saini. Nimemwambia madam naacha kazi kabla mkataba haujaisha, hata akininyima mshahara wa mwisho. Nakata tiketi wiki hii. Usitoke hapo."

Nimeanza kumjibu mara nne. Nikimwambia baba yake amekufa kweli, lazima nimwambie pia kwamba barua zile zilikaa kwangu, na kwamba mzee alikwenda kaburini akidhani mtoto amemnyamazia. Nikinyamaza, atashuka Entebbe akimtafuta. Zile mbili zilizobaki nimezisoma. Moja ni ya salamu tu. Nyingine ina mstari mmoja: MBONA HUNIJIBU.

Wewe unayesoma hapa, kama umewahi kupeleka habari ya namna hii, nisaidie kabla wiki haijaisha. Nianze na kifo chake au na kosa langu? Na hizi mbili, nimpe, kwa kuwa ni mkono wa baba yake, au nizifute?