Wimbi la Saa Nne

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Kilwa, wenye panya na wasio na panya, kwamba Bi Romana wa Mitole, aliyefeli hesabu darasa la saba mbele ya mashahidi, sasa ni nguzo ya sayansi ya ubongo. Wenye kofia wavue.

Kazi yake ilikuwa kumwangalia panya akiwa mzima. Katika chumba kimoja cha utafiti pale Masoko walikuwamo panya kumi na wawili waliotiwa kifafa kwa dawa. Panya akianguka kila mtu anaona; Daktari Brighton, mkubwa wa chumba hicho, alitaka kujua ubongo unafanya nini kati ya anguko moja na jingine, mnyama anapoonekana hana neno. Kila panya alifungwa nyaya nyembamba kichwani, na mashine ikawa inachora mistari. Romana alikaa na daftari: amelala, anajikuna, anakula. Hilo la kula lilitiliwa mkazo, maana taya likicheza mistari huchafuka, na mistari michafu hutupwa.

"Yaani umeajiriwa kumwangalia panya ambaye hajafanya kitu?" shemeji yake Dismas alimchokoza. "Mbona Mitole tunao bure!"

"Wewe wakikufunga nyaya, shemeji, watadhani umeme umekatika."

Asiyetania ni Antonia, mdogo wake Romana, mwenye kifafa tangu utotoni. Nyumbani walimkumbuka siku ya kuanguka. Siku nyingine walimkumbuka kwa kumfukuza jikoni tu, asije akaangukia moto. Kila Jumapili akitoka misa aliuliza lilelile: "Dada, wameona nini?"

Wiki ya sita wakaona. Panya namba saba, kila siku saa nne asubuhi, mistari yake inasimama kama meno ya msumeno. Daktari akafungua daftari la Romana: saa nne, "ametulia". Akaruka juu. Mnyama katulia, ubongo unawaka! Akaliita Wimbi la Saa Nne, akaalika wageni kutoka Dar, akasema ataomba kibali cha kujaribu kwa watu dawa ya kulizima. Antonia akaandikisha jina, wa kwanza kabisa, akaazima na viatu.

Saa nne ndiyo saa ya Romana ya kula mbata, nazi kavu ngumu kama kisigino, na namba saba alikuwa akimtazama kwa macho ya mjomba aliyenyimwa soda harusini. Akawa anammegea, naye anatafuna. Kumlisha panya kitu cha nje ni kufukuzwa kazi siku hiyohiyo, ndiyo maana akaandika "ametulia". Sasa akinyamaza, mdogo wake atameza vidonge vya kutibu nazi.

Siku ya wageni daktari alihutubia mpaka mashine ikapata joto. Antonia alikaa mbele, viatu vikimbana.

"Na sasa," daktari akasema, mkono kifuani, "tumsikie aliyeishi na kiumbe huyu. Bi Romana, waeleze wageni: saa nne, katika utulivu ule mkuu, ndani ya panya huyu kunapita nini?"

Romana akamtazama mdogo wake. Akafungua mkoba, akaweka kipande mezani.

"Mbata, daktari. Namlisha mimi."