Gunia la Mchele Kizingitini

Kwanza niliusikia utepe wa gundi. Krrr, krrr, ukivutwa juu ya maboksi, nyuma ya sauti ya mama mdogo Somoe katika ujumbe wa simu: "Lin anafunga duka. Kesho jioni anaondoka, harudi tena. Kama una neno naye, njoo."

Neno nilikuwa nalo, la miezi minne. Lin, Mchina muuza masufuria, alifungua duka jirani yetu Mocímboa da Praia mwaka tuliporudi kutoka ukimbizini. Alikula samaki wa mama yangu, akajifunza Kiswahili jikoni kwake, na mama akamwita mwanangu. Mama alipofariki, Lin hakuingia matangani. Alisimama barabarani, akaweka gunia la mchele nje ya kizingiti.

"Ingia, kaka!" nilimwita. Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Kwetu anayewekewa chakula nje ya mlango ni paka. Mbele ya waombolezaji wote niliagiza gunia lirudishwe dukani kwake.

Alfajiri niliondoka Pemba, hii ya bara ninakoishi siku hizi. Garini nilikaa karibu na mama mmoja wa Mucojo, akanihoji mpaka nikasema ninakokwenda.

"Kwa Mchina? Kakimbia na nini chako?"

"Hakuchukua kitu. Nataka anijibu tu."

"Jibu! Wenzio huwafuata Wachina kwa jenereta mbovu walizouziwa."

Tulipofika Awasse, saa saba mchana, askari walitushusha kutazama vitambulisho. Juani pale nilipanga maneno yangu: mama alikuulizia mpaka siku yake ya mwisho, nawe uko hatua ishirini tu. Kila nilipoyarudia yalizidi kuninogea.

Saa tisa niliingia Mocímboa. Kabla sijalifikia duka nikausikia tena ule utepe. Lin alikuwa amechuchumaa kati ya maboksi. Nywele zake, ambazo wakati wa msiba zilikuwa zimeanza kumfunika masikio nikadhani ni uzembe, sasa zilikuwa zimekatwa.

"Dada, umekonda."

"Kaka Lin, kwa nini hukuingia?"

Aliweka utepe chini. "Mama yangu alikufa huko nyumbani, wiki mbili kabla ya mama yako. Kwetu mwenye msiba mbichi haingii nyumba ya mtu, anapeleka mkosi. Nywele hakati mpaka siku mia moja."

"Mbona hukusema?"

"Mama yako mgonjwa. Ningesema, angetoka kitandani aje kukaa na mimi."

Kweli. Mama angekuja, hata kwa kubebwa.

"Nani alikaa nawe?"

"Redio," alisema, akacheka kidogo. "Siku mia zimekwisha. Nilitaka kuja. Lakini mchele ulirudi, nikajua sina mlango tena."

Nilichuchumaa kando yake kati ya maboksi. Mtaa mzima ulikaa matanga ya mama yangu. Ya mama yake hakukaa hata mtu mmoja. Siku ile ya msiba nilikuwa na la kumwuliza, "Una nini, kaka?", nami nikaona rahisi kurudisha gunia. Desturi yetu niliijua vizuri. Sikufikiri kwamba na yeye alikuwa anashika ya kwao.

Jioni gari la kwenda Palma lilipomjia, Lin alimwomba dereva amsubiri kidogo. Alijitwika lile gunia. Hakuwa ameliuza, hata uzi wake ulikuwa haujakatwa. Alivua viatu mlangoni kwetu, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akalitua karibu na mafiga ya mama.

"Pole na msiba wa mama, mwanangu," mama mdogo alimwambia, maana nilikuwa nimeshamweleza. "Tumechelewa kukupa."

"Asante, mama mdogo."

"Kaa basi, unywe chai."

Alikaa mkekani, pale pale alipozoea, akiuelekea upande aliokuwa akikaa mama. Nilipuliza moto mpaka macho yakaniwasha. Maji yalikuwa hayajachemka dereva alipopiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Lin aliinuka. Alivaa viatu, akatushika mikono kwa mikono yake yote miwili, akavuka kizingiti. Mama mdogo akaurudisha mlango nyuma yake, taratibu.