Kadi ya redio ya baba

Wasee, leo nimefuta sauti ya marehemu amu yangu.

Nilikuwa najaribu kimashine changu kipya cha kusikiza muziki wa mtandaoni. Sauti safi ajabu! Kikataka memori kadi ya kuwekea nyimbo, nikachomoa ile ya redio ya baba.

Kikauliza, "Futa kila kitu?"

Nikabonyeza ndiyo. Mimi na haraka zangu.

Nilisahau mle ndani amu anaimbia ngamia wakinywa maji kisimani, kule Merti. Baba humsikiza kila alasiri akitoka msikitini.

Leo amewasha redio. Kimya. Akaipigapiga mgongo, akaiambia, "Mzee mwenzangu, umechoka?"

Akanituma betri.

Nikanunua, jamani. Amezitia mwenyewe, sasa ameketi anangoja ndugu yake aimbe.

Nimwambie aje?