Winga wa Kukimbilia Nje

Kwenye kibanda umiza pale Newala nilikuwa napiga kelele kuliko wote. Naangalia mechi za Ulaya, naona winga kapewa mpira pembeni, mbele yake kweupe, nyasi tupu mpaka kwenye kibendera cha kona, halafu anageuka anaingia ndani, kwenye msitu wa miguu. "Nenda nje, wewe! Nje hakuna mtu!" Mwenye kibanda alichoka nami. "Wale wanalipwa wafikiri," aliniambia siku moja. "Wewe kaa chini, unawaziba watu." Nikakaa. Lakini moyoni nilijua mimi ningekwenda nje.

Na kweli nilikuwa nakwenda nje kila Jumapili, sikumbuki kushindwa. Kwetu Kitangari uwanja uko katikati ya mikorosho, mchanga mtupu, na mstari wa pembeni hauchorwi. Mstari ni watu. Wanasimama bega kwa bega, na winga akija na mpira wanarudi nyuma kumpisha, hatua mbili, hatua tano, akina mama waliotoka kufuata maji wanavuta ndoo zao miguuni, mpaka apite. Refa haoni ubaya wowote. Mpira ulipo ndipo uwanja ulipo. Beki anayenifukuza anajikuta kamvaa shangazi yake, mimi nimeshatokea upande wa pili napiga krosi.

Mwaka jana mjomba wangu anayekaa Masasi akanipigia simu: kuna timu pale, iko ligi ya chini kidogo ya ligi kuu, inatafuta winga wa kulia. Nafasi moja. Majaribio siku tatu. Kabla sijafunga hata begi, mama alishawatangazia majirani kwamba nimesajiliwa.

"Mama, bado. Ni majaribio."

"Wakuache wewe? Kwa mbio hizo?"

Siku ya kwanza nilipoingia uwanjani niliona chaki. Mstari mweupe umenyooka kama umepigwa rula. Nikaona umependeza, basi, sikufikiria zaidi. Beki wa kushoto aliyepangwa kunikaba alikuwa mtu mzima, wachezaji wengine wote walimwamkia shikamoo, na goti lake la kushoto lilikuwa na bendeji nene. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Upande wa bendeji ndio ulikuwa upande wa nje, upande wangu.

Mpira wa kwanza nilioupata nikatoka nao mbio nje. Yule beki hakunirukia kama mabeki wa kwetu. Alikuwa anasogea ubavu ubavu, taratibu, kama mtu anayefukuza kuku arudi bandani. Mshika kibendera alikuwa amesimama kwenye chaki. Nikamsubiri anipishe. Hakunipisha. Nikampitia mgongoni.

Filimbi.

"Anaenda wapi huyo?" mchezaji mmoja akauliza.

"Anakwenda Nanganga! Mwacheni akawahi gari!"

Nikasimama kule nje na mpira mguuni. "Kwani umetoka?" nikauliza, na niliuliza kweli, sikufanya utani. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nikichekwa huwa nacheka pia, ndivyo nilivyo, basi nikacheka nao.

Kocha, mwenye kiti chake chekundu cha plastiki anachohama nacho, akaniita.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kwenu hakuna chaki?"

"Hakuna, mwalimu. Kuna watu."

"Jamani, kwao kuna watu!" akawatangazia. Kuanzia hapo hilo ndilo likawa jina langu: Kuna Watu.

Siku ya pili alitukusanya wote upande wa kulia. Nilidhani ananipa nafasi nyingine. "Leo huyu ni ubao wenu wa kuandikia," alisema. "Ana mbio kuliko wote mliopo hapa. Beki wetu mnamjua umri wake, na goti lake mnaliona. Haya, Kuna Watu, nenda nje."

Nikaenda. Nikafia kwenye chaki.

"Tena."

Nikafia tena. Wachezaji wakaanza kuhesabu kwa sauti kila nilipopoteza mpira. Kati ya mbio moja na nyingine kocha alikuwa anafundisha, hanitazami mimi, anawatazama wao. "Anayezunguka anakimbia njia ndefu. Anayemsubiri anakata njia fupi. Kijijini utamkuta beki katoka kupalilia, kachoka, utampita. Huku wote wana mbio. Halafu yule beki hayuko peke yake, ana chaki. Chaki haichoki, haitelezi, haidanganyiki. Na hata ukipita, uko wapi? Uko kule mbali, unapiga krosi inaliwa na mabeki warefu. Ndiyo maana wakubwa wameacha. Tena!"

Ya saba nilitapika uji wa asubuhi karibu na kibendera cha kona. Wakapiga makofi. "Bado tatu zifike kumi!" mmoja akasema, na zikafika kumi kweli. Sikumchukia kocha, maana kila alichosema nilikuwa nakiona kwa macho yangu. Kilichoniuma ni kwamba alishaniandika kuwa sifai, na bado alinikimbiza.

Baada ya mazoezi nilikwenda bombani kunawa. Yule beki alikuwa pale anaosha viatu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Mdogo wangu, bendeji usiiangalie. Goti bovu ni hili jingine."

Sikuelewa. "Sasa kaka, mbona unafunga zima?"

"Ili watoto kama wewe waje upande wa chaki. Ukiingia ndani, mimi siwezi kugeuka." Alizungusha kichwa kuona kama kuna mtu. "Kocha hajui. Nataka msimu mmoja tu, niache mpira kwa heshima. Sasa kesho, mpira wa kwanza, ingia ndani. Mara moja. Wakuone kwamba una akili. Mimi nitasema nimeteleza."

"Kwa nini unaniambia?"

"Umetapika, wewe. Mimi nina mtoto anatapika akikimbia."

Nilimshika mikono yote miwili. Njiani kurudi kwa mjomba niliamua kwamba nikisajiliwa nitamletea mfuko wa korosho, zile za kubangua nyumbani, na akilini nilikuwa nimeshamwona anavyofurahi.

Siku ya tatu nikapewa mpira. Nikatazama chaki, nikainamisha bega kwenda nje, kisha nikaingia ndani. Akateleza, kama alivyosema. Mbele yangu kukawa na goli. Nikafunga. Kelele zikakatika. Kocha alisimama kutoka kwenye kiti, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Tena."

Nilimtazama beki. Alitikisa kichwa kunikataza, kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Nikaingia ndani. Alijitahidi kugeuka, mguu ukachelewa, nikafunga.

"Kuna Watu! Kuna Watu!" walikuwa wanaimba sasa, si kwa kunicheka.

"Tena."

Mara ya tatu sikumtazama. Nikamsikia tu anaanguka nyuma yangu, na sauti yake, fupi, kama ya mtu aliyekanyaga kaa la moto. Nilipogeuka nimeshafunga, nilimkuta kakaa chini, na kocha kachuchumaa mbele yake anafungua ile bendeji. Alibonyeza goti la kushoto. Beki hakushtuka. Akabonyeza la kulia, beki akapiga ukelele.

"Umenichezea akili msimu mzima," kocha alisema, bila hasira hata. "Kavue jezi." Kisha akaniambia mimi, "Wewe, kesho leta picha mbili za pasipoti."

Nikampigia mama palepale. Vigelegele vyake vilisikika hadi kwa wenzangu, wakacheka tena, safari hii vizuri. Nami nilikuwa na furaha, siwezi kusema sikuwa nayo.

Beki alikuwa chini ya ukuta wa vyumba vya kubadilishia nguo, anaikunja bendeji iwe mviringo mdogo. Nikamsogelea.

"Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyewahi kuninyima marahaba. Alimaliza kukunja, akaichomeka bendeji ndani ya kiatu, ndipo akainua uso.

"Nilikwambia mara moja."

"Kocha alisema tena."

"Nilisikia," akasema. "Nilikuwepo." Akaushika ukuta kwa mkono mmoja, akainuka, akaondoka anachechemea mguu wa kulia, hauhitaji kufichwa tena.